Mchoro Ubaki na Kisima

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na mafundi wa umeme, Kitui



Nimeombwa nizungumzie programu za kompyuta za kuchorea mifumo ya udhibiti wa umeme, zile ambazo mtu wa kipato chetu anaweza kuzimudu. Mwenzangu mmoja aliposikia mada hiyo alicheka. Akaniambia, "Mwalimu, hiyo ni kazi ya dakika tano. Wataje ile ya bure, mle chakula, mwende zenu." Ningeweza kufanya hivyo. Lakini kwanza nina deni la kusimulia.

Ilikuwa Septemba, upande wa Mutomo. Nyinyi mnaijua Septemba ya kule. Mvua tunayoitegemea Ukambani ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na kabla haijafika hata miiba imechoka. Nikapigiwa simu kwamba pampu ya kisima fulani imezima na haiwaki. Nikabeba testa, bisibisi na koleo, nikaenda. Nilipofungua mlango wa paneli nilitabasamu, maana paneli ile niliiunda mimi mwenyewe miaka sita nyuma. Nikajisemea, hii ni kazi ya nusu saa.

Haikuwa ya nusu saa. Waya zote za udhibiti nilikuwa nimezifunga kwa rangi moja, nyeusi, kwa sababu siku ile dukani ndiyo iliyokuwepo. Vile vibandiko vya namba nilivyovizungusha kwenye ncha za waya vilikuwa vimekauka kwa joto na kudondoka, vimelala chini ya paneli pamoja na mjusi aliyekufa. Karatasi ya mchoro niliyoiacha nyuma ya mlango ilikuwa imeliwa na mchwa, imebaki pembe moja yenye jina langu na namba yangu ya simu, kana kwamba mchwa wametaka ijulikane nani wa kulaumiwa. Hata hivyo sikubabaika. Mchoro wenyewe nilikuwa nao kwenye flashi, na kompyuta ilikuwa kwenye gari.

Faili lilikuwepo. Jina lake lilikuwepo, tarehe ilikuwepo, ukubwa wake ulionekana. Halikufunguka. Nilikuwa nimelichora kwa programu ya kulipia, kwa leseni ya wanafunzi, na leseni ile ilikuwa imekwisha zamani. Programu nyingine yoyote niliyokuwa nayo haikulijua. Nilikuwa na faili, sikuwa na mchoro.

Nje kulikuwa na foleni ya punda na mitungi ya lita ishirini. Kina mama walikuwa wananitazama bila kusema neno, na kunyamaza kwao kulinielemea kuliko kelele. Nikafuata waya kwa testa, moja baada ya nyingine, mpaka saa tisa. Nikafika kwenye rilei ambayo mguso wake haukufunga, na sikuweza kukumbuka niliiweka ya kazi gani. Nikaona ni kama imeharibika. Nikaiweka dairekti, kama tusemavyo mafundi: kipande cha waya kutoka huku hadi kule, pampu ikanguruma, maji yakaja, watu wakanishika mkono.

Ile rilei ilikuwa ya kina cha maji. Haikuwa imeharibika hata kidogo. Ilikuwa imezima pampu kwa sababu maji kisimani yalikuwa yameshuka chini ya elektrodi, na pampu ya kuzamishwa hupozwa na kulainishwa na maji yaleyale inayoyasukuma. Siku ya tatu ilifanya kazi kavu ikaungua. Kuitoa kulihitaji kuvuta mabomba ya zaidi ya mita mia moja, na kamati ikachangisha upya. Sikutaja hadharani sababu wakati ule. Leo naitaja.

Ndiyo maana mada hii kwangu haikai dakika tano. Tukisema programu ni ya bei nafuu, tunahesabu bei ya nani? Mwanafunzi huhesabu alichotoa mfukoni siku ya kuipata. Fundi huhesabu saa alizookoa mezani. Mimi nataka tuhesabu kutoka upande wa kisima: miaka sita baadaye, fundi mwingine, kompyuta nyingine, mimi pengine nimehamia Qatar au nimeshazikwa. Je, mchoro utafunguka?

Baadhi yenu mtauliza kwani lazima kuchora. Baba zetu waliunda vitu bila mchoro. Hilo ni kweli, na hapa jirani, Wamunyu, tuna ushahidi. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge alijifunza uchongaji kwa Wazaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani, na ufundi ule ukaenea mkono kwa mkono mpaka vinyago vya Wakamba vikauzwa dunia nzima. Hakuna aliyehitaji karatasi. Lakini twiga wa mbao anajieleza mwenyewe: ukimwona umemwona wote. Paneli haijielezi. Waya mbili zinazofanana kabisa, moja inaleta volti 240 na nyingine inaleta habari tu kwamba tangi limejaa.

Ngoja niwaonyeshe ninachomaanisha kwa mfano mdogo kuliko yote, kiwashio cha mota chenye vitufe viwili. Fezi inaingia, inapita breka ndogo, inapita mguso wa ovalodi uliofungwa, namba 95 na 96, inapita kitufe chekundu, inafika kitufe cha kijani, halafu koili ya kontakta, inaingia A1 inatokea A2, inaishia nyutro. Ukibonyeza kijani koili inavuta, kontakta inafunga, mota inazunguka. Ukiachia kidole, kwa nini haizimi? Kwa sababu mguso mdogo wa kontakta ileile, 13 na 14, umewekwa sambamba na kitufe cha kijani, nao ukishafunga unashikilia njia. Kontakta inajishika yenyewe. Stima ikikatika, na hapa kwetu hukatika, inajiachia, na mota haiwaki yenyewe ghafla mtu akiwa ameishika.

Sasa tazameni. Kontakta ni kifaa kimoja ubaoni, lakini kwenye mchoro kinaonekana mahali patatu: miguso mikubwa mitatu kwenye ukurasa wa nguvu, koili kwenye ukurasa wa udhibiti, mguso mdogo kando ya kitufe. Ongeza kiwashio cha sta-delta, chenye kontakta tatu na taima moja, ambacho huanzisha mota kwa theluthi moja ya mkondo ambao ingevuta ikianzishwa moja kwa moja kwa delta. Kontakta ya sta na ya delta ni lazima zizuiane, kila moja ikatize njia ya mwenzake, la sivyo zikifunga kwa pamoja fezi zinagongana na mlango wa paneli unaweza kuruka. Ongeza rilei inayolinda mota fezi moja ikipotea. Ongeza rilei ya kina cha maji, na swichi ya tangi la juu mlimani. Kifaa kimoja kimetawanyika kurasa nne.

Hapo ndipo programu ya umeme inapoachana na programu ya kuchora tu. Programu ya kuchora inajua mistari na miduara. Ya umeme inajua kwamba koili ya ukurasa wa 2 na mguso wa ukurasa wa 4 ni kontakta moja, na chini ya koili inaandika yenyewe: miguso yangu mingine iko ukurasa fulani, safu fulani. Ukibadilisha jina mahali pamoja, inabadilisha kote. Inazipa waya namba bila kuruka wala kurudia. Kama ningekuwa na karatasi yenye maandishi hayo madogo siku ile Mutomo, ningeifuata rilei mpaka kwenye elektrodi zake kwa dakika mbili.

Tuanze na penseli. Msiidharau. Kwa kiwashio kimoja, karatasi ya A4, rula na mkono uliotulia vinatosha, na picha ya simu inaihifadhi. Ubaya wake ni masahihisho: mabadiliko ya tatu yakifika, karatasi ina makovu, na fundi wa pili hajui mstari upi ni wa leo na upi ni wa mwaka juzi.

Kisha kuna programu za bure za michoro ya kawaida, kama LibreOffice Draw, ambayo wengi wenu mnayo bila kujua kwa sababu mlisakinisha LibreOffice kwa ajili ya barua. Nimeona michoro mizuri imechorwa kwa hiyo. LibreCAD ni hatua mbele: ni ya vipimo, ya mistari iliyonyooka, na huhifadhi kwa DXF, aina ya faili ambayo Autodesk iliitoa pamoja na AutoCAD mwaka 1982 na ambayo hadi leo karibu kila programu ya uhandisi inaisoma. Kwa kuchora umbo la paneli yenyewe, mashimo ya taa na vitufe, mimi hutumia hiyo. Kwa mchoro wa udhibiti inakuacha peke yako: namba za waya ni za kichwa chako.

Wapo watakaowaambia mchukue KiCad. Nayo ni ya bure na ni nzuri mno. Jean-Pierre Charras aliianza mwaka 1992 kule Ufaransa, na baadaye wanasayansi wa CERN wakaitia nguvu. Lakini ni ya bodi za elektroniki, za vipande vidogo vya kulehemu. Kuchorea kontakta za pampu humo ni kama kupika muthokoi kwenye birika. Muthokoi utaiva, ila utajuta.

Kuna programu moja kutoka Hispania ambayo vyuo vingi vya ufundi duniani vinaipenda, CADe SIMU. Ni ndogo, inaingia kwenye flashi, inakimbia kwenye kompyuta kuukuu yenye Windows. Utamu wake ni kwamba mchoro unaishi: ukibonyeza kitufe cha kijani kwenye skrini, kontakta inafunga na njia yenye umeme inabadilika rangi. Mwanafunzi akikosea kuzuiana kwa sta na delta, anakosea kwenye skrini, si kwenye paneli ya mtu. Mwalimu yeyote wa hapa ambaye hajaitumia darasani ananyima watoto kitu. Lakini ni ya kufundishia. Mimi siwezi kumkabidhi mwenye kisima faili lake nikasema kazi imekwisha.

Halafu kuna vigogo: EPLAN ya Ujerumani, SEE Electrical ya Ufaransa, AutoCAD Electrical ya Marekani. Sitazisema vibaya. Kiwanda chenye mamia ya mota na kabati thelathini hakiwezi kuendeshwa kwa penseli, na nikiajiriwa hapo kesho nitaziomba. Zinatengeneza orodha ya vifaa, ya nyaya, ya tamino, zote kutoka mchoro mmoja. Ila tazameni jinsi zinavyouzwa. Mwaka 2016 Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu. Sasa unakodi. AutoCAD kwa bei ya Marekani ni karibu dola 2,000 kwa mwaka, ambazo kwa shilingi 129 kwa dola ni zaidi ya robo milioni yetu, kila mwaka, iwe umepata kazi au umekaa. Fundi wa paneli tano kwa mwaka atatoa wapi?

Kwa mwanafunzi ni bure, mtasema. Ndiyo, Autodesk huwapa wanafunzi mwaka mmoja, nao unaweza kuhuishwa ukiwa bado chuoni. Kwa masharti kwamba si ya biashara. Kwa miaka mingi mchoro uliochorwa kwa leseni hiyo ulitoka kwenye printa na mstari pembeni unaosema umechorwa kwa toleo la wanafunzi, na kila aliyeufungua baadaye akarithi mstari ule. Mimi nilikuwa nimepewa zawadi kama hiyo na kampuni nyingine, na zawadi ile ndiyo iliyonifikisha Mutomo nikiwa na flashi isiyosema.

Wakulima mliopo hapa mtanielewa haraka kuliko wahandisi. Mnaijua mbegu ya mahindi ya Katumani, iliyotoka kituo cha utafiti kule Machakos miaka ya 1960 kwa ajili ya nchi kavu kama hii. Unavuna, unachagua mahindi mazuri, unaning'iniza juu ya moto, msimu ujao unapanda. Haidai. Mahindi chotara huzaa zaidi mahali penye mvua, lakini ukipanda punje ulizovuna hazikupi kilekile; lazima urudi dukani kila msimu. Hakuna aliyewahi kusema chotara ni haramu. Ila hakuna mkulima wa Mutha anayemkabidhi chotara maisha ya watoto wake bila kufikiri pesa ya mbegu ya msimu ujao itatoka wapi. Programu ya kukodi ni chotara. Sisi tumekuwa tukiwapa wanafunzi wetu debe la kwanza la bure na kuwaacha getini wakihitimu.

Na wakishaachwa getini, huenda wapi? Huenda kwa kijana mwenye flashi iliyo na "kreki". Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalijua jambo hilo, na sitasimama hapa kuwa polisi. Nasema tu kama fundi: programu iliyovunjwa kufuli huzimiwa kinga ya virusi ili iingie, haipati masahihisho, na siku Windows ikibadilika inakufa na faili zako zote zikiwa ndani. Ulichopata bure unakilipa kwa mali ya mwenye kisima, ambaye hakuulizwa.

Basi mimi natumia ipi? QElectroTech. Wanafunzi wangu wameshindwa kulitamka jina hilo, wanaiita QET. Ilianzia Ufaransa, inatunzwa na watu wanaojitolea, na leseni yake ni ile iitwayo GPL, maana yake unaitumia kwa biashara, unainakili, unampa jirani, na hakuna atakayekuja kuidai. Inakaa kwenye Windows, kwenye Linux na kwenye Mac. Laptopu ya mtumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti nne inaibeba bila kuhema, na ukishaisakinisha haiulizi bando.

Ina maktaba ya alama maelfu, zikiwemo za kiwango cha kimataifa cha IEC 60617. Hilo si jambo dogo. Vitabu vya Kimarekani huchora mguso kama mistari miwili iliyosimama sambamba. IEC huuchora kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Mwanafunzi akichanganya hizo mbili kwenye karatasi moja, alama ya mguso ya Mmarekani inafanana na kapasita ya Mzungu wa Ulaya. Chagueni moja, na kwa kuwa vifaa vyetu vingi na volti zetu, 415 na 240, ni za ukoo wa IEC, jibu lipo.

Kinachonifanya nikae nayo, hata hivyo, si maktaba. Ni faili. Mchoro wa QET umehifadhiwa kama maandishi ya kawaida, ya XML. Ukilifungua kwa programu ya kuandikia tu, ile ya bure inayokuja na kompyuta, utaona majina ya vifaa, namba za waya, kurasa. Hata kama QET yenyewe ingetoweka duniani kesho, fundi mvumilivu angesoma lile faili na kujua waya 14 inatoka wapi inaenda wapi. Lile faili langu la Mutomo nilipolifungua hivyo nilipata vinyota na viboksi. Tena QET hutoa PDF, hutoa picha, hutoa DXF. Kwa hiyo nikiulizwa ushauri, siku hizi sisemi chagua programu. Nasema chagua faili, programu itafuata.

Nisiwafiche kasoro zake. Maktaba ile imejazwa na watu wengi wa nchi nyingi, kwa hiyo utakuta kontakta moja ina sura tatu na saizi tatu. Nimelazimika kutenga folda yetu ya alama arobaini hivi tunazotumia hapa, na wanafunzi hawaruhusiwi kutoka nje yake. Haijaribu mchoro: ukiunganisha fezi kwa nyutro inakaa kimya kama shahidi aliyehongwa. Ndiyo maana darasani tunajaribu kwanza kwa CADe SIMU, kisha tunachora kwa QET. Orodha ya tamino naiandika mwenyewe kwenye jedwali. Na asiyeitaka, ipo ProfiCAD ya Ucheki, ambayo ni nyepesi kujifunza; ni ya kununua, bei yake ni ya kibinadamu.

Kuna jambo la rangi ambalo programu zote hizi zinaweza kuandika na mafundi hatuandiki. Nyaya za zamani tulizorithi kwa Mwingereza zilikuwa nyekundu, njano na buluu kwa fezi tatu, nyeusi kwa nyutro. Uingereza yenyewe ilianza kubadili mwaka 2004 na kufikia 2006 ikaziacha: sasa kahawia, nyeusi na kijivu ni fezi, na buluu ni nyutro. Fikirini hilo kwa utulivu. Nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi. Buluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro. Na kwenye majengo yetu zote mbili zimo, wakati mwingine ndani ya paneli moja, kwa sababu mota ya zamani ililetewa kebo mpya. Mchoro usioandika rangi kando ya namba ya waya, hapa kwetu, ni mtego. QET ina kisanduku cha rangi kwenye kila waya. Kijazeni, hata kama mwalimu wenu haulizi. Mimi huuliza.

Jaribio langu kwa programu yoyote ni hili, na ninawapa wanafunzi walifanye wenyewe badala ya kuniamini. Chora kiwashio cha pampu chenye ulinzi wa kina cha maji. Funga kompyuta. Mpe faili mwenzako wa darasa lingine, kwenye mashine nyingine, asiyekuwa na intaneti. Alifungue, aongeze taa moja ya onyo, akurudishie. Kisha peleka PDF kwenye saiba yoyote mjini, ichapwe kwa A4, nyeusi na nyeupe, kwa printa yenye wino wa kusuasua. Namba zinasomeka? Mwaka jana darasa langu lilijaribu programu kadhaa hivyo, na moja iliyokuwa inapendeza sana kwenye skrini ilitoa namba ndogo kama chawa. Tukaiacha.

Neno kwa wanakamati wa visima, maana mmekaa kimya na hamkuja kusikia habari za XML. Mkimwajiri fundi, kwenye mkataba andikeni kwamba malipo ya mwisho yatatoka baada ya mchoro kukabidhiwa: karatasi moja iliyofunikwa plastiki ndani ya mlango wa paneli, moja kwenye faili la katibu, PDF kwenye simu za watu wawili wa kamati, na faili lenyewe la kusahihishika. Fundi akiwaambia ni siri yake ya kazi, mwambieni pampu si yake. Na kila akibadilisha waya moja, tarehe ibadilike kwenye kona ya karatasi. Ukuta wa kuzuia mchanga mlioujenga mtoni hauhitaji mchoro wa umeme, hilo nawapongeza. Unakaa miaka mingi bila kumwita mtu. Lakini mkishaweka pampu mmeingia kwetu, na kwetu pana karatasi.

Kisima kile cha Mutomo nilikirudia. Nilichora upya kila kitu, kurasa nne, sikudai pesa, na sikuwaeleza kwa nini sikudai. Mweka hazina wao, mama mmoja aliyewahi kuwa karani wa soko, alinitaka nimfundishe kusoma ukurasa wa udhibiti. Nilidhani ananipa heshima tu. Nikamfundisha kama ninavyofundisha darasani: soma kutoka juu kwenda chini, fuata namba, usiogope alama, kila alama ni mlango tu, uliofunguka au uliofungwa.

Agosti iliyopita, usiku, simu ililia. "Mwalimu, pole kwa kukusumbua. Pampu imezima. Nimefungua PDF, niko ukurasa wa tatu. Taa ya maji chini haijawaka, kwa hiyo maji yapo, sivyo? Sasa naona waya 14 imechomoka kwenye K3. Kijana yuko hapa na bisibisi. Airudishe?"

Nikaketi kitandani. Nikamwambia, "Mama, kwanza breka kuu. Imezimwa?"

Kimya kidogo. Nikasikia akimuuliza kijana kwa Kikamba, kisha mlio wa breka ukishuka.

"Sasa imezimwa," akasema.